Ncha Inapoelekea

Vua glovu kwanza. Karatasi hii haisomwi kwa glovu.
Kunja ngumi, Bogumił, iweke mezani kati ya vikombe,
nikuchore.

Duara dogo juu ya fundo la kidole cha kati: hicho kilele.
La pili chini yake, pana zaidi, kisha la tatu, la nne,
wino wa buluu ukishuka hadi kwenye kiwiko
cha mkono uliopasua chewa kiwandani tangu alfajiri.
Sasa kunjua kiganja, polepole.
Umeona? Mlima umelala, mistari imebaki.
Ndiyo ramani nzima hiyo. Mengine ni majina,
na majina usiyaogope: Kambur, kwa Kiaislandi, ni nundu tu.

Baina ya mstari na mstari pana mita ishirini.
Usizihesabu kwa macho, zihesabu kwa magoti.
Mistari inapoachana, watu hupanda wakipiga soga.
Inapobanana kama meno ya kitana
hapo ni genge, na kondoo wenyewe hupazunguka.

Husemwa milima haikutani.
Tazama hapa, kati ya Kambur na mdogo wake:
imekutana, imeshikana mabega,
na katikati pamebonyea kama mgongo wa farasi mzee.
Upepo wote wa ghuba hupitia hapo.
Msipumzike hapo, hata kama mmechoka. Hasa kama mmechoka.

Hallbera anauliza kwa nini tusitumie simu.
Swali zuri. Chukua andazi.
Simu ya yule mtu iliuawa na baridi saa kumi jioni.

Haya, V.
Mstari ukikunjika hivi, uliza ncha inaelekea wapi.
Ikielekea juu, kwenye namba kubwa, ni bonde,
maji yanateremka humo.
Ikielekea chini, ni mgongo wa mlima, umetokeza kama pua.
Kila mwanafunzi huandika hayo daftarini,
kila mwanafunzi hutikisa kichwa.
Hata mimi nilitikisa.

Ilikuwa Januari, mwaka wa kwanza wa koti langu jekundu.
Ramani ilikuwa mkononi mwangu, si mwa mwingine.
Taa ya kichwani ilimulika theluji na theluji,
kama kusoma ndani ya gunia la unga.
Nikaiona V, nikasema: bonde.
Watu kumi na mmoja wakanifuata.
Tulitembea juu ya mgongo usiku kucha
tukipokezana kuita jina lake,
naye yuko chini, bondeni, mita mia tatu kando,
anatusikia.
Alisema baadaye: niliitika kila mara,
lakini sauti zenu zilikuwa zinakwenda.

Tulimfikia saa tano asubuhi.
Vidole vitatu vya mguu alivikosa.
Ndiye yule anayechemsha kahawa pale mlangoni kila Jumanne.
Hajanilaumu hata siku moja.
Hunitilia sukari vijiko viwili, nami hutumia kimoja,
na kahawa hiyo huimaliza.

Jumamosi tutatoka, ukungu ukikubali.
Nitawashusha mahali msipopajua, niondoke na gari,
halafu nitauliza kwa redio: mko wapi?
Atakayejibu upesi, kwa tarakimu sita zilizonyooka,
nitamwambia ahesabu upya.
Atakayesema, sijui, ngoja,
nasikia maji kushotoni,
goti la kulia linapanda kuliko la kushoto,
huyo nitamsubiri hata saa nzima.

Bogumił, usiusugue mkono.
Kesho kiwandani wakikuuliza umechorwa nini,
waonyeshe hapa, kati ya fundo na fundo,
maji yanapopita.
Chumvi itaufuta wino kabla ya Jumamosi.
Ni sawa. Njoo na mkono mtupu.